Kodi na Nauli: Mikono Miwili Ndani ya Bahasha ya Mshahara

Na Mwandishi Wetu

Mwisho wa mwezi mfanyakazi wa mjini anapopokea mshahara wake, watu wawili wamekwisha kuugawa kabla hajaushika. Wa kwanza ni mwenye nyumba, wa pili ni mwenye gari. Wote wawili hawakai katika meza ya mapatano, hawamjui katibu wa chama, wala hawangoji mkataba wa miaka miwili uishe ndipo wapandishe bei. Chama kinaweza kupigania nyongeza ya asilimia kumi mwaka mzima; mwenye nyumba akaimeza kwa barua moja, na mwenye gari kwa jioni moja ya mvua.

Safari hii tunalitazama jambo hilo kwa jirani zetu wa Kenya. Tumeichagua Kenya kwa sababu huko kodi ya nyumba iliingizwa katika sheria ya kazi, nayo haikuingizwa kwa huruma ya mwajiri. Ililetwa na migomo. Tena sheria hiyo ina matundu yake, na matundu hayo yana mafunzo kwetu sisi wa Uganda kama yalivyo mafanikio yake.

MOMBASA, 1939

Zamani za ukoloni waajiri walikuwa na hesabu yao. Mwafrika, walisema, ni mtu wa shamba aliyekuja mjini kwa muda tu. Mke na watoto wake wako kijijini, wanakula mahindi ya shambani. Kwa hiyo mshahara ukitosha chakula cha mtu mmoja na mahali pa kulaza ubavu, umetosha. Kwa hesabu hiyo jembe la mwanamke kijijini ndilo lililomwezesha tajiri wa mjini kulipa ujira mdogo, ingawa jina la mwanamke huyo halikuandikwa kamwe katika daftari la mishahara.

Hesabu hiyo ilianza kuvunjika Mombasa. Bandari ya Kilindini ilihitaji maelfu ya watu, na wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa. Meli ikija kuna kazi, meli isipokuja hakuna. Lakini kodi ya chumba haikungoja meli. Wengi walipanga Majengo, katika zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mwenye nyumba naye mara nyingi hakuwa na ardhi. Alijenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine na kumlipa kodi ya ardhi, desturi ambayo Mombasa huitwa nyumba bila ardhi. Hivyo mzigo uliweza kushuka ngazi kwa ngazi. Mwenye ardhi alimpandishia mwenye nyumba, mwenye nyumba akampandishia mpangaji, na mpangaji hakuwa na wa kumpandishia.

Mwishoni mwa Julai 1939 wafanyakazi wa Idara ya Kazi za Umma waligoma. Dai lao la mbele lilikuwa posho ya nyumba. Kwa siku chache mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wa kampuni ya umeme, wa kampuni za mafuta, wa usafi wa mji, hata ukafika bandarini mwanzoni mwa Agosti. Watu hao hawakuwa na chama kilichoandikishwa kilichowaongoza wote. Serikali iliunda tume chini ya Bwana Willan, nayo ikakubali kwamba malalamiko juu ya nyumba yalikuwa ya kweli. Baadhi ya wafanyakazi wakapata posho ya nyumba.

Vita vikaja, bei zikapanda, na posho ikabaki nyuma. Tarehe 13 Januari 1947 mji wote wa Mombasa ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani. Kila siku walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiembeni, na humo kikazaliwa chama kilichokuja kujulikana kama African Workers' Federation, chini ya Chege Kibachia. Mgomo ulikwisha baada ya siku kumi na mbili hivi, na baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likaongeza mishahara na posho ya nyumba. Kibachia alikamatwa Agosti mwaka uleule na kupelekwa kizuizini Baringo.

Kamati ya Carpenter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1954, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika makampuni ya watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya, heshima na nguvu za kazi. Kamati ikapendekeza mshahara wa kima cha chini uache kupimwa kwa mtu mmoja asiye na familia, upimwe kwa mtu mwenye mke na watoto, na posho ya nyumba iwemo. Jambo walilolisema makuli wa Kilindini miaka 15 kabla sasa liliandikwa na kamati ya serikali.

SHERIA NA MATUNDU YAKE

Mbegu hiyo iliota hata ikafika katika sheria ya leo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, karibu na mahali pa kazi, kwa gharama ya mwajiri. Au, asipompa nyumba, amlipe juu ya mshahara fedha za kutosha kupanga nyumba ya kufaa. Amri za mishahara ya kima cha chini zimeweka posho hiyo kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Soma tena maneno hayo: za kutosha. Sheria imesema fedha za kutosha, amri imesema asilimia 15. Kati ya maneno hayo mawili ndimo mfanyakazi anamolala.

Tundu la pili ni kubwa zaidi. Kifungu hichohicho kinasema kwamba mwajiri hawajibiki ikiwa mkataba una mshahara uliojumlishwa, yaani ambao ndani yake kodi imekwisha kutiwa. Hapo ndipo waajiri wengi hupita. Mfanyakazi huambiwa, "Mshahara wako umejumlishwa," na ukiutazama huo mshahara unaona ni uleule wa msingi uliobadilishwa jina. Mahakama ya Kazi ya Kenya imewaamuru waajiri mara nyingi kulipa malimbikizo ya posho ya nyumba, pale mkataba au hati ya malipo ilipoandika mshahara wa msingi peke yake. Lakini kesi hizo kwa kawaida hufunguliwa baada ya mtu kufukuzwa kazi. Walio kazini hunyamaza, kwa kuwa hati yao ya malipo hawajaisoma, au wameisoma wakaogopa.

Fundisho ni jepesi. Kodi ya nyumba iandikwe mstari wake peke yake katika mkataba na katika hati ya malipo. Kilichojumlishwa hakihesabiki, na kisichohesabika huibwa.

HESABU YA MWEZI MMOJA

Tufanye hesabu kwa mfano. Chukua mfanyakazi wa Nairobi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 16,000 za Kenya. Posho yake ya nyumba kwa asilimia 15 ni shilingi 2,400. Jumla yake ni 18,400. Hapo hukatwa asilimia 6 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, shilingi 1,104, asilimia 2.75 ya bima ya afya, shilingi 506. Na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, shilingi 276. Anabaki na shilingi 16,514.

Sasa tuseme chumba chake kimoja ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na nauli ni shilingi 60 kwenda na 60 kurudi, kwa siku 26 za kazi. Nauli peke yake ni shilingi 3,120. Kodi na nauli pamoja ni 8,120, karibu nusu ya alichopeleka nyumbani. Zinabaki shilingi 8,394 kwa unga, sukari, makaa, maji, sabuni, sare ya shule na pesa za kumtumia mama kijijini. Ukizigawa kwa siku 30 ni shilingi 280 kwa siku kwa nyumba nzima.

Ona kwamba posho ya nyumba haikufika hata nusu ya kodi. Ona pia kwamba nauli imezidi posho ya nyumba, na hakuna mstari wa nauli katika hati yake ya malipo.

KODI NA NAULI NI NDUGU WA TUMBO MOJA

Watu husema, "Nyumba za bei nafuu zipo, ila ni mbali." Maneno hayo yana maana kubwa kuliko yanavyosikika. Ukikaa karibu na kazi unamlipa mwenye nyumba. Ukikaa mbali unamlipa mwenye matatu. Bei ni ile ile, iliyobadilika ni mfuko unaoipokea.

Mfano mzuri ni Dandora, mashariki ya Nairobi. Katika miaka ya 1970 Halmashauri ya Jiji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja 6,000 hivi kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Kila mtu alipewa kiwanja chenye choo, bafu na maji, ajenge vyumba mwenyewe kidogo kidogo. Ulikuwa mpango wenye nia njema kuliko ule wa kubomoa vibanda bila kuwapa watu mahali pa kwenda. Lakini wengi waliopewa viwanja hawakuwa na fedha za kujengea. Wengine waliuza haki zao kwa wenye uwezo. Wengine walijenga vyumba vya kupangisha. Miaka ilivyopita, sehemu nyingi za mtaa uliokusudiwa kumfanya maskini awe mwenye nyumba zikawa mtaa wa wapangaji. Na mpangaji wa Dandora bado alihitaji gari kwenda kazini.

Asiyeweza kodi ya karibu wala nauli ya mbali ana njia ya tatu, nayo ni miguu. Utafiti wa safari uliofanywa Nairobi mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban safari 4 katika kila 10 zilikuwa za miguu, na karibu nyingine 4 zilikuwa za matatu. Ukisimama alfajiri katika barabara za kuingia Industrial Area utawaona kwa maelfu, wametoka Mukuru na Kibera, wengine wakifuata reli. Viwanda hupata wafanyakazi wanaofika kwa wakati, na havilipi senti kwa safari yao. Wafanyakazi hao wanakaa katika vyumba vya mabati kwa sababu vyumba hivyo viko mahali ambapo miguu inafika.

MATATU: WOTE WALIOMO NI WAFANYAKAZI

Matatu ilipata jina lake kwa nauli ya senti thelathini, mapeni matatu ya senti kumi kumi. Siku hizo kampuni ya mabasi, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1934, ndiyo iliyokuwa na haki ya kubeba abiria mjini, na mwaka 1966 Halmashauri ya Jiji ilichukua asilimia 25 ya hisa zake. Lakini mji ulikua kuliko mabasi. Mitaa mipya haikufikiwa, na magari ya watu binafsi yakajaza pengo kwa kujificha polisi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yabebe abiria bila leseni ya magari ya abiria. Serikali ilijaribu tena kwa mabasi ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1986, lakini katika miaka ya 1990 shirika hilo lilianguka.

Tusiibeze matatu. Imewafikisha kazini watu ambao hakuna mwingine aliyewajali. Lakini tuitazame jinsi inavyoendeshwa. Mwenye gari humpangia dereva na makanga kiasi cha kuleta kila jioni. Kiasi hicho, mafuta, na fedha za njiani hutolewa kwanza. Kinachobaki, kama kimebaki, ndicho ujira wa hao wawili. Kwa hiyo dereva anakimbiza gari, makanga anabananisha abiria, na nauli inapanda mvua inapoanza kunyesha, kwa kuwa jioni ya mvua ndiyo inayofidia asubuhi mbaya. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na Waziri John Michuki zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na sare, na zilitaka pia wafanyakazi wa magari waajiriwe kwa kudumu. Mikanda ilifungwa. Ajira ya kudumu haikufungwa sawasawa. Wengi bado hulipwa kwa kutwa, bila likizo wala malipo ya ugonjwa.

Abiria na makanga hutukanana mlangoni juu ya shilingi kumi. Abiria ni mfanyakazi wa kiwanda aliyelipwa kidogo, makanga ni mfanyakazi wa gari asiye na mkataba. Shilingi hiyo kumi hakuna kati yao atakayekaa nayo hadi jioni. Chama kinachowatetea abiria peke yao kitamgeuza makanga kuwa adui. Chama kinachowatetea wa magari peke yao kitachukiwa na abiria. Nauli yenye utaratibu na dereva mwenye mshahara wa mwezi ni dai moja.

TOZO YA NYUMBA: NANI ATAKAYEFUNGULIWA MLANGO?

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu kaya 8 katika kila 10 za mijini zinaishi katika nyumba za kupanga. Serikali ilijaribu kwanza mwaka 2018 kuwakata waajiriwa kwa ajili ya mfuko wa nyumba. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la COTU na shirikisho la waajiri walikwenda mahakamani, na makato hayo yakazuiwa. Mwaka 2023 tozo ikarudi: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo haupatani na katiba. Machi 2024 ikatungwa sheria mpya ya nyumba za bei nafuu, nayo ikaendelea na kiwango hichohicho na kuwaingiza pia watu wasio na ajira ya mshahara.

Sheria hiyo inawagawa watu kwa kipato: nyumba za jamii kwa wenye chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba za bei nafuu kwa wenye 20,000 hadi 149,000, na daraja la tatu kwa waliozidi hapo. Wanaoitetea husema kwamba ujenzi unaleta kazi kwa waashi, mafundi wa mabomba na wachomeleaji, na kwamba soko lilipoachwa peke yake halikumjengea maskini. Hayo ni kweli. Wanaoipinga husema kwamba kila mtu anakatwa lakini si kila mtu atapata nyumba, na kwamba fedha hizo si akiba. Asiyepata nyumba harudishiwi. Hayo nayo ni kweli.

Kwa mfanyakazi swali ni hili: mtu wa mfano wetu, mwenye shilingi 280 kwa siku, anatoa shilingi 276 kila mwezi. Siku moja ya chakula cha nyumba yake inakwenda katika ujenzi. Ana haki ya kuuliza, katika nyumba zinazojengwa, ngapi ni za watu wa daraja lake, na ziko umbali gani kutoka kazini. Nyumba ya bei nafuu isiyo na gari la bei nafuu ni nusu ya nyumba.

KWETU UGANDA

Sisi hatuna la kujivunia mbele ya jirani. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mara ya mwisho hapa ni shilingi 6,000 kwa mwezi, mwaka 1984. Kiasi hicho leo hakitoshi hata nauli ya wiki moja ya mfanyakazi wa Kampala. Bunge lilipitisha muswada wa mshahara wa kima cha chini mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi.

Nakawa na Naguru zilikuwa nyumba za serikali zilizojengwa mwishoni mwa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, baada ya migomo ya mwaka 1945 kuutikisa utawala. Mfanyakazi aliyekaa Nakawa aliweza kutembea hadi eneo la viwanda. Julai 2011 nyumba hizo zilibomolewa ili kupisha mji mpya, na mji ulioahidiwa haukujengwa. Wapangaji walitawanyika pembeni mwa mji, na mahali pa miguu wakaanza kulipa teksi na boda boda.

Mabasi ya UTC yalikufa zamani. Mabasi ya Pioneer yalianza mwaka 2012 na kusimama mwaka uliofuata. Boda boda, iliyozaliwa kwa baiskeli kwenye mpaka wa Busia kati yetu na Kenya, sasa inaubeba mji, na vijana wanaoiendesha wengi hawana bima wala chama.

Lakini tunayo silaha moja. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inazuia kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Wapangaji wangapi wanaijua? Sheria isiyojulikana na mpangaji ni karatasi ya kufungia karanga.

MAMBO YA KUFANYA MATAWINI

Kwanza, kila tawi likusanye hesabu kabla ya kwenda mezani. Waulizeni wanachama: unalipa kodi kiasi gani, unakaa wapi, unatumia nauli kiasi gani, unatembea saa ngapi. Karatasi mbili za majibu ya kweli zina nguvu kuliko hotuba ya saa mbili.

Pili, tudai posho ya nyumba iwe mstari wa peke yake katika mapatano ya pamoja, na ipimwe kwa kodi halisi ya mahali, isiwe asilimia iliyookotwa. Tukikubali mshahara uliojumlishwa, tuonyeshwe ndani yake kodi ni shilingi ngapi.

Tatu, wafanyakazi wa zamu za usiku wapewe gari la kuwarudisha. Mwanamke anayetoka kazini saa tano usiku hawezi kuambiwa kwamba safari yake ni shauri lake.

Nne, tuwaandikishe madereva, makondakta na vijana wa boda boda. Mji hauwezi kuwa na usafiri wa haki juu ya migongo ya watu wasio na haki.

Tano, kila sheria ya nyumba, hata ile isiyotosha, isomwe katika mikutano ya matawi kwa lugha inayoeleweka.

Waliogoma Mombasa mwaka 1939 hawakudai majumba. Walidai kwamba anayemwita mtu kazini akubali kwamba mtu huyo lazima alale mahali, na lazima afike. Mwajiri anapokodi mashine hulipa kuisafirisha na hujenga banda la kuihifadhi isinyeshewe. Mfanyakazi hana sababu ya kudai pungufu ya mashine.